Mahali Ardhi Ilipovunjika

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nashukuru. Mtu amefanya kazi ya mawe tangu ujana, amezoea kuhesabu kwa mamilioni ya miaka, mnampa kifaa cha kumwonyesha dakika, tena siku ambayo hana tena pa kuwahi. Nimeitundika sebuleni hapa Turwa. Mke wangu anasema inakwenda mbele. Nimemwambia aiache, labda inajua inakokwenda.

Mmeniomba niwaandikie machache ya kazini, ninyi mnaobaki kutafuta maji chini ya ardhi ya Mara. Vyeo sitavitaja, vilikuwa vinagawiwa karibu na mlango wa bosi na mimi nilikuwa porini. Nitaeleza habari za ardhi, na za watu wanaokaa juu yake wakidhani ni mkeka uliotandikwa jana.

Nilianza kazi nikiwa kijana mwembamba wa Kiikoma, natoka chuoni na nyundo mpya inayong'aa. Nilikabidhiwa kwa Mzee Odira, fundi wa zamani, Mjaluo wa kando ya ziwa, mtu wa maneno machache na chai isiyo na sukari. Siku ya kwanza akanipeleka Serengeti, kwenye vile vilima vya mawe vinavyosimama peke yake katikati ya nyasi. Nikafika, nikainua nyundo nianze kupasua, nionekane nimesoma.

"Weka chini," akasema. "Jiwe limekukosea nini?"

Nikaweka.

"Kaa kwanza."

Tukakaa. Jua likatupiga mpaka nikaanza kusikia kizunguzungu. Nilidhani mzee amechoka na anatafuta namna ya kupumzika bila kusema. Baadaye akaniuliza ninaona nini. Nikasema naona mawe.

"Hata ng'ombe anaona mawe, mura, kijana. Serikali haimlipi ng'ombe. Unaona nini?"

Nikasema naona mawe makubwa. Akanionea huruma, akasema hivi ni visiwa. Mimi nikatazama nyasi pande zote, nikajiuliza kama kwenye ile chai kweli kulikuwa na chai. Lakini alieleza, na maelezo yale nimewalisha ninyi wote, wengine mara mbili kwa sababu mlisinzia.

Mawe yale, alisema, yalikuwa tope la moto lililopoa chini kabisa, halijawahi kuona mwanga. Mvua na upepo vikala udongo uliokuwa juu yake kidogo kidogo. Mzigo ulipopungua, mawe yakajinyoosha, yakapasuka, kona zake zikalika yakawa mviringo. Sasa tunayapiga picha. Na kule kwao ziwani, visiwa ni vilima vya namna hiyohiyo, tofauti ni kwamba vya kwao vimelowa miguu. Zamani mito ya huku ilikuwa inakwenda zake magharibi bila kumwomba mtu ruhusa. Ardhi ya kule mbele ikaanza kuinuka, polepole sana, kiasi kwamba hakuna babu wa mtu ambaye angeweza kuona. Mito ikakuta njia imezibwa. Maji yakarudi nyuma, yakatuama kwenye bonde pana, likawa ziwa. Mabonde ya mito yakawa ghuba. Vilima vikabaki vimetoa vichwa, tukaviita visiwa, tukaanza kugombana nani avue wapi.

"Ardhi inafanya kazi yake," akasema Mzee Odira, "halafu binadamu anakuja na kamba kupima."

Nilicheka kwa adabu. Sikujua kwamba sentensi ile ndiyo ingekuwa kazi yangu yote.

Miaka iliyofuata nilikutana na kila aina ya binadamu mwenye kamba. Alikuja mkubwa mmoja kutoka mjini, suti nyeusi jua la saa sita, akaniuliza ni nani aliyapanga mawe yale moja juu ya jingine, na kama alilipwa. Mwingine alitaka kilima kisogezwe kidogo ili barabara inyooke. Nikamwambia hilo linawezekana, ila itabidi tusubiri. Akauliza tusubiri mpaka lini, bajeti inafungwa mwezi wa sita. Nikamwambia mwezi wa sita ni mapema kidogo.

Na ninyi wasomi wangu msicheke. Nakumbuka mmoja wenu, simtaji, alifika porini na kompyuta mpakato, akafungua ramani ya rangi, akatuambia tunaposimama pana mto. Tulikuwa tumesimama juu ya mwamba mkavu na mjusi. Alibishana na mwamba ule mpaka chaji ikamwishia.

Sasa niwaambie kisa cha kule Nyanungu, karibu na Kenya, maana hicho ndicho kilichobaki moyoni.

Mnaujua ule ukuta mrefu wa mawe unaopita upande ule, juu tambarare, chini mashamba, na mbele kabisa nyasi za Serengeti. Kwa wasioujua: hapo kale tope la moto lilitoka upande ambao leo ni Kenya, likaingia kwetu bila kupita Sirari na bila kugongewa pasi, likamwagika juu ya mawe ya zamani, likaganda. Baadaye sana ardhi ikavunjika. Upande mmoja ukabaki juu, mwingine ukashuka. Huo ndio ukuta.

Katika kijiji kimoja cha huko, jina naliacha, wenyewe watajijua, juu ya ukuta unakaa ukoo mmoja na chini unakaa mwingine. Na majina ya koo siyataji, maana najua mna ndugu huko. Tuwaite Watu wa Juu na Watu wa Chini. Wanaoana, wanazikana, na wakichokana wanapigana kwa ajili ya malisho. Babu zao walipigana vita moja mbaya, wakamaliza kwa kiapo kwamba mpaka utakuwa pale ardhi ilipovunjika. Kila mtu akaelewa kwamba ni kwenye kitako cha ukuta, penye jiwe kubwa jeusi. Kiapo cha namna hiyo Mkurya hachezi nacho. Atakudanganya umri wa ng'ombe, kiapo hatakigusa.

Zahanati ya koo zote mbili ilijengwa huko chini, jirani na jiwe. Jengo zuri, bati la bluu, kitanda cha kujifungulia, nesi hodari aitwaye Ghati. Maji hakuna. Mjamzito akienda kujifungua alitakiwa abebe na ndoo yake ya maji kutoka mtoni, na mto uko mbali.

Nilipopelekwa huko kupima nilipewa chumba kwa Bibi Wankuru, mjane wa Watu wa Chini. Bibi huyu hakujaliwa mtoto wa kiume, kwa hiyo alifanya kama desturi inavyomruhusu: alitoa ng'ombe, akaoa msichana aitwaye Bhoke, azae watoto kwa jina la nyumba ile. Wenyewe wanaita nyumba ntobhu. Bhoke alikuwa binti wa Watu wa Juu. Bibi mwenyewe alizaliwa juu pia, akaolewa chini enzi hizo. Wageni kutoka mjini hutoa macho wakisikia mwanamke ana mke. Wakurya huwashangaa wageni, halafu wanaendelea kukoroga ugali.

Mwaka mmoja kabla sijafika, Bhoke alishikwa na uchungu asubuhi. Akachukua ndoo, akapitia mtoni kwanza kuchota maji ya kujifungulia, kama ilivyotakiwa. Uchungu ukamzidi akiwa njiani kuelekea zahanati. Mtoto akazaliwa kwenye majani, hakuishi. Ndoo haikumwagika. Maji yale aliyoyachota ndiyo wanawake waliyotumia kumwosha mtoto kabla ya kumzika.

Bibi Wankuru alinisimulia hayo tukiwa mezani, bila kulia. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilikuwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani, kwa hiyo nilimkasirikia kila mtu, na kwa kweli hasira ile haijaisha. Bhoke alikuwa anaosha vyombo nje, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana tena.

Nikafanya kazi yangu kwa bidii ambayo bosi wangu hakuwahi kuiona. Nilitembea na dira, nikachoma vyuma vyangu ardhini, nikatandaza waya, nikapima umeme unavyopita chini, maana penye maji hupita kwa urahisi. Na kabla ya hayo yote nilikaa kwanza, kama nilivyofundishwa. Nilikaa kwenye jiwe jeusi nikatazama chini, nikaona mstari wa miti ya mikuyu umepita katikati ya mashamba, umenyooka, na hakuna aliyeipanda.

Hapa ndipo penye somo, msisinzie. Ukuta wa mawe haukai mahali ulipozaliwa. Mvua inauchimba, mizizi inaupasua, vipande vinaporomoka, na miaka inavyokwenda ukuta unarudi nyuma. Ufa wenyewe hauhami. Unabaki palepale ardhi ilipovunjika, umefunikwa na kifusi na udongo, watu wanalima mahindi juu yake bila habari. Na ndani ya ufa mawe yamesagika, kwa hiyo maji yanakaa humo. Chini ya jiwe jeusi palikuwa na mwamba mzima, mgumu. Ufa ulikuwa mbele, penye mikuyu, katikati ya shamba la Bibi Wankuru.

Nikaenda kwenye kamati ya maji nikawaambia tuchimbe kwenye shamba lile. Kamati ilikuwa na wazee wawili wanaosikilizwa, Mzee Nyamhanga wa Juu na Mzee Marwa wa Chini. Kwa mara ya kwanza tangu wazaliwe walikubaliana, wakanikatalia wote wawili.

"Ukichimba huko," akasema Mzee Nyamhanga, "maji yatakuwa ya Chini. Kesho wakituchukia watafunga bomba."

"Na tukinywa peke yetu," akasema Mzee Marwa, "hawa watakuja na mapanga. Chimba mpakani, Bwana Mawe. Pale kwenye jiwe. Yawe maji ya haki."

"Wazee wangu, pale hakuna maji."

"Yatakuwepo," akasema Mzee Marwa. "Tumekubaliana."

Sijapata kukutana na imani kama ile hata kanisani. Maji yalikuwa yameamriwa na kikao, tena kwa kauli moja, na akidi ilitimia.

Mkandarasi akaja na mtambo wake. Yeye hakujali, analipwa kwa urefu wa shimo. Fundi wake alikuwa kijana wa Isebania, mcheshi. Wakachimba penye jiwe jeusi, likatoka vumbi jeupe. Wakaendelea, vumbi. Wanawake wa koo zote mbili walikuwa wamesimama na ndoo wakawa weupe nyusi. Fundi akanisogelea.

"Mzee, hapa ni mawe tupu. Si tungechimba tu pale ulisema?"

"Waulize wenye haki yao," nikamjibu.

Kichwa cha kuchimbia kilikatikia humo ndani, na kimo mpaka leo. Mkandarasi akapeleka taarifa mjini kwamba kisima kimekamilika kwa sehemu kubwa, kilichobaki ni maji. Sijatia chumvi. Nimeisoma taarifa ile, ilikuwa na muhuri.

Ikabidi waite ritongo, mkutano wa koo zote. Wanaume wakakaa kwenye majani, Juu huku, Chini kule, fimbo zimelala mapajani. Wanawake wakasimama nyuma. Bhoke alikuwa miongoni mwao, tumbo sasa kubwa, ameshika kiuno. Nikaitwa nieleze kwa nini jiwe limekataa. Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi: ukuta umerudi nyuma, ufa wenyewe uko huku mbele, na maji yako ndani ya ufa.

Mzee Nyamhanga akasimama polepole. Macho yake yalikuwa yameng'aa kwa namna ambayo haikunipendeza.

"Mtaalamu," akasema. Hakuwa amewahi kuniita mtaalamu. "Unasema ardhi ilivunjikia kwenye shamba lile, siyo kwenye jiwe?"

"Ndiyo, mzee."

"Na babu zetu waliapa mpaka ni pale ardhi ilipovunjika."

Hapo nikaelewa nilichokifanya. Upande wa Chini fimbo ziliondoka mapajani. Mashamba yote yaliyokuwa kati ya jiwe na mikuyu yalikuwa yamehamia kwa Watu wa Juu kwa mdomo wangu, na mimi nilikuja kutafuta maji tu. Kijana mmoja wa Chini akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba huyu Mwikoma amenunuliwa. Hakuna aliyecheka. Mzee Marwa akanitazama.

"Rudia, Bwana Mawe. Ilivunjikia wapi?"

Wenzangu, chuoni hawafundishi hili. Ningesema penye jiwe, damu isingemwagika, na kisima kisingechimbwa, na Bhoke angekwenda mtoni na ndoo yake. Nikasema kweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine.

"Ilivunjikia shambani. Na ilivunjika tena kule juu, nyuma ya nyumba ya Mzee Nyamhanga, ufa mdogo, nimeupima. Na ilivunjika kule mtoni. Ardhi ikivunjika haikatiki kama mkate, inachanika sehemu nyingi. Mkisema mpaka ni kila ilipovunjika, Mzee Nyamhanga, jiko lako liko kwako na choo chako kiko kwa Chini."

Wachache walicheka, Chini zaidi. Lakini fimbo hazikurudi mapajani, na Mzee Nyamhanga bado alikuwa amesimama. Ndipo sauti ikatoka nyuma.

"Shamba mnalogawana ni langu."

Alikuwa Bibi Wankuru. Mzee mmoja akamwambia akae, hapa wanazungumza wanaume wenye nyumba zao.

"Na mimi nina nyumba," akasema, na akaendelea kutembea mpaka katikati. "Nimeoa kama mlivyooa, kwa ng'ombe kama wenu. Mimi nimezaliwa juu. Shamba langu ni la chini. Mke wangu amezaliwa juu, na mtoto aliye naye ni wa nyumba ya chini." Akageuka akamnyooshea kidole Bhoke, ambaye aliinamisha uso. "Njoo, Nyamhanga, na fimbo yako. Nionyeshe mpaka wako unapita wapi kwenye tumbo lile. Yule wa kwanza mlimgawana vizuri. Juu hawakumpa maji, na Chini hatukumpa maji. Nilimzika mwenyewe."

Mzee Nyamhanga alikaa chini. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba Bhoke ni mtoto wa ndugu yake. Jambo hilo lilijulikana na kijiji kizima, ila inaonekana yeye alikuwa amelisahau.

Wazee wakaenda pembeni kuteta, na waliporudi walikuwa na uamuzi ambao wanasheria wenu wa mjini wasingeuweza. Mpaka ni jiwe jeusi, kwa sababu babu zao walikalia jiwe lile walipoapa, na babu hawakuwa na vyuma vya kupima umeme. Kisima kichimbwe shambani. Maji hayatakuwa ya Juu wala ya Chini, yatakuwa ya nyumba ya Bibi Wankuru, na nyumba ile haiwezi kumnyima mtu yeyote kwa sababu pande zote ni wakwe zake.

Mkandarasi akarudi, akilalamika. Fundi wa Isebania akaweka mtambo kati ya mikuyu. Vumbi likatoka, halafu tope, halafu maji machafu, halafu maji. Mzee Marwa aliyaonja, akasema yana ladha ya chuma. Mzee Nyamhanga akayaonja, akasema yana ladha ya Chini. Akanywa tena.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alichelewa, akakata utepe, akahutubia kwamba ameleta maji. Maji yale yalikuwa humo kabla samaki hawajalijua ziwa, lakini nikapiga makofi kama watu wote. Kibao kilichobandikwa kina jina lake. Wamekiweka kwenye lile shimo kavu penye jiwe jeusi, maana ndilo lililoandikwa kwenye mkataba. Mgeni rasmi sikumwambia.

Bhoke alijifungua zahanati. Nesi Ghati alinieleza kwamba alifika na ndoo imejaa maji kichwani, wakati bomba lilikuwa limeshafika mpaka ndani ya chumba. Nesi akamwambia, mama, iweke, maji yapo, akafungua bomba amwonyeshe. Bhoke akatazama maji yakitoka. Hakuiachia ndoo. Alijifungua ameshika mkono wa ndoo ile, na nesi akaona si vibaya, akamwacha.

Kabla ya kustaafu nilikwenda kuaga Nyanungu. Bibi Wankuru alikuwa chini ya paa la jiko anamenya viazi, na yule mtoto, wa kiume, anatambaa kwenye udongo anakula kokoto. Nikamtoa moja mdomoni. Jiwe zuri, jeusi, la lile tope la moto la zamani. Nikamweleza bibi lilikotoka, naye akasikiliza kama mtu anayesikiliza habari za majirani.

"Hiyo ardhi," akauliza, "imemaliza kuvunjika?"

"Hapana, bibi. Bado inaendelea. Ila polepole sana."

Akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshaokota jiwe jingine.

"Basi iambie iendelee hivyohivyo polepole," akasema. "Huyu akue kwanza."